Redio ya Nne Haijibu

Kibada, Kigamboni
9 Februari 2025

Dada Jesca,

Redio ya Tundwi haijaharibika. Niliivuruga mimi, kwa furaha, na hakuna mtu anayejua isipokuwa wewe kuanzia mstari huu.

Sasa shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Samahani kwa kuanza vibaya, lakini ningetanguliza salamu ningeishia kwenye salamu, na wewe unanijua. Huku hatujambo. Mama mzima. Mjomba Wilbert bado anaendesha pikapu ya Mzee Kutbuddin na bado anaimba akidhani anaweza. Kuku wawili wamekufa, yule mweusi mwenye kiburi yupo. Matokeo ya kidato cha nne yametoka: daraja la pili, na fizikia nimepata B! Mama hakusema kitu, ila Jumanne alipika pilau, na Jumanne haina sikukuu, kwa hiyo nadhani amefurahi.

Tangu Desemba niko na Mjomba ofisini kwa Mzee Kutbuddin, Temeke, pale wanapouza na kufunga pampu za maji. Nilienda kuandika lebo tu wakati nasubiri matokeo. Kisha ikaja kazi ya huku kwetu: kisima kimoja hapa Kibada na matangi manne, Kisiwani, Mjimwema, Gezaulole na Tundwi. Zamani walinzi wa matangi walikuwa wanampigia simu mtu wa pampu, washa, zima, na simu ikiisha chaji ama maji yanamwagika barabarani ama watu wanalala bila maji. Sasa kila tangi lina redio ndogo ya data na antena juu ya mlingoti, na kwenye pampu iko redio kuu. Si za muziki, Dada, zinapeleka namba tu. Redio kuu inaita: moja? Moja inajibu: tangi langu lina maji mita mbili. Inaita: mbili? Mbili inajibu. Mpaka nne, kisha inaanza upya, kutwa kucha, na pampu inajiwasha na kujizima yenyewe! Na redio ndogo haifungui kinywa mpaka iitwe. Nilipoelezwa hivyo nilifikiri mtandao huu ulibuniwa na mtu wa aina yangu.

Fundi ni kaka Venance, ametoka Newala kama sisi, na yeye ndiye aliyenifundisha kuziseti. Unachomeka waya kwenye laptop. Unaandika masafa, yawe sawa kwa zote. Unaandika namba ya mtandao, iwe sawa kwa zote. Mwisho namba ya redio yenyewe, na hiyo isifanane na ya mwenzake hata kidogo. Alisema, "Darasani mkiwa na Herieth wawili, mwalimu akiita mnaitika wote, si ndiyo? Mwalimu hasikii kitu."

Januari ishirini aliniachia laptop niziseti zote nne peke yangu. Ya nne niliiwekea seti ya redio ya tatu ili niwahi, kisha nikabadilisha namba, tatu ikawa nne. Tukazipanga mezani, tukawasha redio kuu. Moja ikajibu, taa ya kijani. Mbili. Tatu. Nne ikajibu! Mzee Kutbuddin akapiga makofi, "Shabashi, binti!" na mimi nikaruka. Nimeruka, Dada, mbele za watu, mimi. Kisha tukachomoa nyaya, tukapakia kwenye maboksi.

Nilichosahau ni kusevu tena baada ya kubadilisha namba. Redio hizi ukibadilisha kitu zinakubali papo hapo na zinafanya kazi vizuri kabisa, ila usiposevu, umeme ukikatika zinasahau na kurudi zilivyokuwa. Ile ya nne tulipoichomoa ilirudi kuwa tatu. Sasa iko Tundwi inajiita tatu. Redio kuu ikiita nne, kimya. Ikiita tatu, wanaitika wawili, Gezaulole na Tundwi kwa pamoja, na namba zinakuja zimevurugika, tangi mara limejaa, mara tupu.

Venance hazishuku redio kwa sababu aliziona mezani zikijibu kwa macho yake. Amepanda mlingoti mara tatu. Amebadilisha waya. Amekata matawi ya mkorosho wa watu kwa ruhusa. Mzee akamwambia mbele yetu wote, "Venance, antena yako umeielekeza Zanzibar?" Watu walicheka. Tundwi walikaa siku mbili bila maji, mlinzi amerudia kupiga simu, na Ijumaa Venance ameondolewa kwenye ufungaji, amepelekwa stoo kuhesabu koki. Yupo kwenye miezi ya majaribio. Mzee akiamua, Aprili anaondoka.

Niligundua jana nikiosha vyombo. Sufuria ilinitoka mkononi.

Nikisema, sitaigusa tena laptop ile. Dada, sijawahi kupenda kitu namna hii. Tafadhali barua hii isomwe na macho yako tu.

Mdogo wako,
Herieth

*

Nyumba ya Malezi, karibu na Masasi
2 Machi 2025

Mpendwa Herieth,

Marahaba, mdogo wangu. Milele amina. Barua yako imefika jana, siku ishirini njiani, bahasha ina alama ya chai. Hongera kwa B ya fizikia. Nilisoma mstari ule mara mbili, na nikawaza ile pilau. Mimi mzima. Sisi manovisi, masista watarajiwa, tuko saba. Tunalima mihogo, tunasali, tunafua, na mimi nimepewa zamu ya kuwalisha nguruwe, ambao hawanipendi.

Nina jambo ilibidi nikuambie zamani, nikadhani unalijua. Hapa barua zote hupita kwanza mikononi mwa mlezi wetu, Sista Rosalia. Anazifungua na kuzisoma. Ndiyo kanuni, na hakuna aliyeificha. Kwa hiyo siri yako tunaijua watu wawili.

Usizimie. Sista hajasema neno. Alinipa barua ikiwa imekunjwa vizuri, na chini kabisa ameandika kwa penseli: "Huyu Venance ana mtoto?" Basi.

Mimi sitakuhubiria. Wahubiri hapa wanatosha. Nakuuliza kimoja tu: Venance ukikutana naye ofisini, unamwangalia?

Umeandika Mama mzima. Hukuandika kama ananisalimu. Sitauliza tena.

Jumatano tunaanza Kwaresima, na Kwaresima hatuandiki barua. Utakachoandika kitafika kwa Sista, ila jibu litakuja baada ya Pasaka.

Dada yako,
Jesca

*

Kibada
23 Machi 2025

Dada Jesca (na Sista Rosalia, shikamoo Sista, Tumsifu Yesu Kristo),

Nilipofika kwenye ule mstari wa barua kufunguliwa nilijifunika kanga kichwani na kukaa hivyo mpaka Mama akauliza kama naumwa. Sasa nimezoea. Sista, jibu ni ndiyo, anaye mmoja wa kike, ameanza chekechea, mkoba wake una picha ya twiga.

Habari za nyumbani ni njema. Mvua bado. Mjomba amenunua miwani ya jua na anaivaa hata ndani. Kuku mweusi ameanza kutaga chini ya kitanda changu.

Dada, redio ya nne inajibu!!!

Nieleze vizuri. Mzee Kutbuddin aliagiza antena mpya, kubwa zaidi, na akamwita fundi wa kutwa anayeitwa Elibariki aifunge. Jumatano Mjomba akatupakia mimi, Elibariki na antena, tukaenda Tundwi. Mimi niliambiwa nije na laptop "kuhakikisha". Elibariki akapanda mlingoti akiwa na spana kiunoni. Mimi nikabaki chini kwenye lile sanduku la chuma lenye redio, nikafungua mlango, nikachomeka waya.

Kwenye kioo: namba ya redio, 3.

Nilikuwa najua, na bado nilikisogelea kioo kusoma tena. Nikafuta, nikaandika 4. Nikasevu. Nikachomoa umeme, nikahesabu mpaka kumi, nikachomeka. 4. Nikachomoa tena. 4! Dada, ilikuwa kama kumuuliza mtu jina lake na kila ukimuuliza analijua.

Elibariki hata hajakaza nati ya mwisho, taa ya kijani ikawaka. Simu ya Mjomba ikalia, ni Mzee yuko kwenye pampu, anapiga kelele mpaka tunamsikia wote: "Imejibu! Tundwi mita moja na nusu! Na Gezaulole imetulia! Antena mpya hiyo, nilisema mie, nilisema!" Mlinzi wa tangi, Mzee Fransis, akatoa simu yake mfukoni akaibusu akisema, "Pumzika mama, umechoka kupiga." Kina mama waliokuwa na ndoo wakapiga vigelegele. Mmoja akanikumbatia nikiwa nimeshika laptop.

Sasa unaweza kuona mtandao wote kwenye kioo pale kwenye pampu, matangi manne yamepangwa, maji yanapanda na kushuka, namba zinabadilika zenyewe. Nimekaa pale saa nzima naangalia. Mzee amesema kuna kazi nyingine inakuja, Kimara, milimani, matangi manane! Milima inazuia mawimbi, kwa hiyo huenda tukahitaji redio moja katikati ya kupokea na kurusha kwa wengine. Amesema laptop nitashika mimi. Nimechora ramani yote kwenye daftari, nyuma ya hesabu za shule.

Mama ameisimulia jumuiya nzima. Jumapili baada ya misa alimwambia Mama Loveness, "Maji ya Tundwi yametengenezwa na huyu mwanangu asiyejua hata kubisha hodi."

Venance yuko stoo. Stoo ina feni.

Mdogo wako,
Herieth

*

Nyumba ya Malezi
24 Aprili 2025

Mpendwa Herieth,

Kristo amefufuka. Pasaka yetu ilikuwa nzuri, tulikula nyama ya mmoja wa wale nguruwe, na nakiri sikuhuzunika. Mahindi yamefika kifuani. Barua yako ilikuwa mezani kwa Sista wiki mbili, ikinisubiri.

Nimefurahi kwa redio. Nimefurahi kweli, nilimsimulia hata mpishi. Lakini umeandika kurasa tatu za redio na mstari mmoja wa Venance, na nusu ya mstari huo ni feni.

Nikuambie jambo. Asubuhi niliyoondoka nyumbani kuja huku, Mama alikuwa amekwenda sokoni. Sikuwa nimemwambia. Niliandika karatasi, nikaiweka chini ya kopo la sukari, nikapanda basi. Nilijiambia kwamba kusema na kuandika ni kitu kimoja, muhimu ajue. Sasa ni miaka miwili, na wewe hujawahi kuniandikia kwamba ananisalimu.

Kwa hiyo mimi si mtu wa kukufundisha. Nimekueleza tu mahali karatasi ilipokuwa.

Penseli ya Sista, safari hii: "Matangi manane! Mlima una urefu gani?"

Dada yako,
Jesca

*

Kibada
18 Mei 2025

Dada Jesca, shikamoo. Shikamoo Sista. Milima ya Kimara si mirefu, Sista, ila imekaa vibaya.

Kwanza hili: nilipokuwa natafuta kalamu Mama aliniuliza naandika kwa nani, na anajua. Nikamwambia. Akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Mwambie mvua bado zinanyesha." Nimekuandikia kama alivyosema, sijaongeza neno. Kwa Mama hiyo ni salamu ndefu.

Mjomba amekalia miwani yake. Kuku mweusi ana vifaranga sita.

Barua yako ya Aprili imenikuta nimeshasema. Nataka ulijue hilo, maana nilipousoma ule mstari wa feni niliona haya mpaka masikioni, ingawa wakati huo hukuwa na haki tena ya kunisema.

Ilikuwa hivi. Tarehe tano mwezi huu nilitumwa stoo kuchukua nyaya. Nikamkuta Venance amesimamisha ile antena ya zamani ya Tundwi juu ya kreti. Alikuwa anaielekeza saa ya ukutani. Anapima, anarudi nyuma, anafumba jicho moja, anaisogeza kidogo, anapima tena. Aliponiona akacheka kwa aibu.

"Herieth, hebu njoo. We una macho. Hii imelenga ile saa au haijalenga?"

"Imelenga, kaka."

"Na Tundwi niliilenga hivihivi. Kwa dira. Mara tatu." Akaipangusa vumbi. "Miaka sita nafunga antena, sasa najiuliza kama zote zile zilikuwa bahati. Mzee anasema nikitaka kubaki nibaki hukuhuku na koki. Labda mikono yangu si ya kazi hii."

Dada, mikono yake ndiyo iliyonifundisha. Nilichukua nyaya nikatoka. Nikafika mlangoni kwa Mzee, na humo ndani alikuwa anaongea na Elibariki habari za Kimara, kwamba huyo Elibariki ndiye atakuwa fundi mkuu. Nikasimama. Mzee akaniona, "Nini, binti?" Nikanong'ona kitu. "Sema kwa sauti, watu hatujafungwa antena hapa." Elibariki akacheka.

Kwa hiyo sikusema. Nilichukua redio ya akiba kwenye kabati, nikaiweka juu ya meza yake, juu ya karatasi zake. Nikachomeka laptop. Ilikuwa na namba tatu. Nikaandika nne, bila kusevu, nikamgeuzia kioo. "Ni ngapi, Mzee?" "Nne." Nikachomoa umeme. Nikachomeka. "Ni ngapi?"

Akaegemea mbele. "Tatu."

"Hivi ndivyo ilivyopelekwa Tundwi," nikasema. "Niliiseti mimi. Sikusevu. Antena ya Venance haikuwa na kosa hata siku moja. Na ilipojibu haikuwa antena mpya, ni mimi niliyerekebisha chini, nikanyamaza."

Hayo maneno yote yalitoka, Dada. Nilikuwa nayasikia kama ya mtu mwingine.

Mzee Kutbuddin hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alivua miwani. "Tangu lini unajua?" "Februari, Mzee." "Miezi mitatu." Akasimama, akaenda stoo mwenyewe kwa miguu yake, na sisi nyuma. Akamwambia Venance mbele ya kila mtu, "Nilikucheka mbele za watu, na mbele za watu nakuomba radhi. Antena yako ilikuwa sawa. Kimara unaongoza wewe." Kisha akanigeukia. "Na wewe laptop hushiki mpaka Juni. Utabeba ngazi."

Venance aliniangalia kwa muda mrefu. Nilifikiri atacheka, maana yeye hucheka kila kitu.

"Kila siku ulikuwa unakuja hapa kuchukua nyaya," akasema. "Kila siku 'shikamoo kaka', 'imelenga kaka'."

Kisha akafunga mlango wa stoo na kwenda zake. Siku nne hakuitikia salamu yangu. Niliamka kila asubuhi nikaenda hivyo hivyo, nikabeba ngazi.

Siku ya tano tulikuwa Kimara, juu ya tangi la kwanza. Nilikuwa nimeishika ngazi kwa chini. Akaniita kutoka juu, "We mtoto! Panda uone dira inavyosomwa, au unataka kuzeeka huko chini?" Nikapanda. Ngazi ililia kila nilipokanyaga. Juu kule unaona barabara ya Morogoro yote, na mapaa, na mlima wa pili unapoficha tangi la saba. Akanionyesha jinsi ya kushika dira mbali na chuma, kwa sababu chuma kinaidanganya sindano. Hakusema kwamba amesamehe na sikuuliza.

Jana tulizipanga redio nane mezani. Aliziseti Venance, mimi nikisoma namba kwa sauti, kwa sauti kubwa, ndivyo alivyotaka. Redio kuu ikaita, nane zikajibu, taa nane za kijani. Elibariki akanyanyua mikono apige makofi. Venance akamshika. "Bado. Chomoa zote." Tukachomoa. Mzee amesimama na kikombe chake cha chai. "Chomeka." Zikawaka moja moja. Moja. Mbili. Tatu. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Nne. Tano. Sita. Saba. Nane!

Hapo ndipo tukapiga makofi. Kisha Venance akachukua kalamu ya lebo, na kwenye karatasi ya kazi, pale panapoandikwa jina la aliyehakiki, akaandika la kwangu. Akasema, "Ukikosea sasa, watakucheka wewe." Dada, sijui kama mtu amewahi kufurahi hivyo kwa kutishiwa.

Kimebaki kimoja. Mama hajui. Jumuiya bado inanisifu kwa maji ya Tundwi, na Jumapili ijayo ni zamu yetu kuipokea nyumbani. Mama anataka nisimame nieleze nilivyotengeneza redio, na mimi nitasimama na kueleza nilivyoivuruga, na kwamba kuna fundi anaitwa Venance. Nimeyafanyia mazoezi bafuni. Lakini Mama nitamwambia kabla, Jumamosi, tukiwa tumekaa wawili, nikimwangalia usoni.

Kwa hiyo nakuomba, usimwandikie lolote, wala kwa kumdokeza. Na wewe Sista, nakuomba. Najua barua hii itakufikieni Juni, Jumapili hiyo ikiwa imeshapita. Hata hivyo itunzeni siri hadi Jumamosi.

Mdogo wako,
Herieth